Mtoto Aliyesikia Kinu

Siku wasiwasi wangu ulipoanza, mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mimi na mume wangu tuliacha kuongea tukawa tunaonyeshana kwa vidole, na mtoto wetu akaendelea kulala. Alikuwa na miezi saba. Nyumba yetu ya Likombe haikuwa na dari wakati ule, na mvua kubwa ikishuka, uliye naye chumba kimoja humsikii hata akipaza sauti. Ilikuwa saa nane mchana. Ndoo zilikuwa zinafurika, mbuzi wa jirani alikuja kujibanza barazani akawa analia, na binti yetu alikuwa chali katikati ya kitanda, mdomo wazi, mikono kaitupa huku na huko. Mume wangu alimtazama akacheka. Akasogeza mdomo sikioni kwangu na kupiga kelele, "Huyu kalala kweli!" Nilicheka na mimi, ila moyoni nilishtuka.

Nafundisha baiolojia sekondari. Kila mwaka nachora sikio ubaoni, la nje, la kati na la ndani, na kila mwaka nawaambia wanafunzi maneno yale yale: jicho lina kope, sikio halina. Ukilala macho yanafungwa, lakini masikio yanabaki wazi, sauti zinaingia, na ubongo ndio unaoamua ipi ya kukuamsha na ipi ya kuiacha ipite. Ndiyo maana mama anaweza kulala kando ya barabara ya malori na bado akaamka mtoto wake akikohoa. Nilikuwa naupenda sana mfano huo. Siku ile ya mvua nilisimama mlangoni mwa chumba changu mwenyewe, na sikuupenda tena.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Mume wangu hunitania kwamba nikikosa cha kuogopa, naogopa kwa nini sina cha kuogopa. Kwa hiyo sikumwambia kitu. Nilianza kumpima mtoto kimyakimya. Nilisimama nyuma yake nikapiga makofi, akageuka, nikashukuru Mungu. Halafu nikakumbuka kwamba nilipiga karibu mno na huenda alihisi upepo shingoni. Nikarudi nyuma hatua tatu nikapiga tena. Hakugeuka. Nikatikisa funguo. Nikagonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Siku moja aligeuka, siku nyingine hakugeuka, na kila alipogeuka nilitafuta sababu, mara kivuli changu ukutani, mara kuku aliyepita mbele yake. Mtu akitaka kujitesa, hahitaji msaada.

Nyumbani tulikuwa wanne. Wa nne ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kitaya, kijiji chao kule kando ya Mto Ruvuma, kunitazama baada ya kujifungua. Zile siku arobaini ziliisha, na yeye akabaki, nami nikashukuru maana nilikuwa narudi kazini. Alikuja na kinu chake. Kilipanda juu ya gari pamoja na magunia ya makopa, yaani muhogo mkavu, kwa sababu hauamini kabisa unga wa mashine. Anasema una joto la chuma. Kinu kiliwekwa uani, hatua kama sita kutoka barazani, na kila asubuhi na kila alasiri alitwanga. Kilikuwa na sheria zake. Hakikaliwi. Hakilazwi. Na hakitwangwi kitupu: nilipiga mchi mara moja humo ndani kwa kujaribu tu, hakuna kitu, na alinikaripia kana kwamba nimempiga mtu.

Mwishowe nilishindwa kunyamaza. Tulikuwa tunachambua mboga, mtoto kakaa katikati yetu, nikasema, "Mama, mimi nina wasiwasi na masikio ya huyu mtoto."

"Masikio yana nini? Yanatoa usaha?"

"Hapana. Naona kama hasikii."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Mwanangu, hiyo shule yenu itawatia wazimu. Hasikii! Basi mimi nitakuonyesha. Wanangu wote sita nimewapima mwenyewe, sikungoja daktari."

Akamchukua mtoto akamkalisha kwenye mkeka barazani, uso ukielekea ukutani, akaniambia nikae mbali nisimguse. Akaenda uani, akatia makopa kinuni, akanyanyua mchi akaushusha. Mtoto alishtuka mwili mzima. Mchi uliposhuka mara ya pili alikuwa ameshageuka, anamwangalia bibi yake anacheka, meno mawili nje. Mama mkwe alipiga kigelegele. "Umeona? Mke mwenzangu kasikia! Wewe ndiye husikii!" Huwa anamwita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na wanapogombana juu ya chakula humtishia kwamba atamwachia mume wao aende zake.

Nililia kwa furaha. Sina aibu kulisema. Tangu siku hiyo, wasiwasi ukinipanda nilingoja muda wa kutwanga, mchi ushuke, mtoto ageuke, nami nipumue. Kinu hakikukosea hata siku moja. Angekuwa anacheza, angekuwa ananyonya huku kakaa na miguu kaiweka sakafuni, mchi ukigonga tu, kichwa kinageuka. Nilipompeleka kliniki kwa chanjo, muuguzi aliniuliza vizuri tu, "Akiitwa anageuka?" Nikajibu, "Anageuka." Sikumwambia kwamba anageuka kwa kinu na si kwa jina. Aliandika, tukaenda zetu. Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu.

Kwa sababu jina halikumgeuza. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa namwita nikitoka shuleni, kuanzia getini, na hageuki mpaka anione. Watu walisema ana kiburi, watoto wa kike ndivyo walivyo. Walisema ni mpole, hana usumbufu, unaweza kumlaza popote. Sifa hizo zilikuwa zinanichoma, na nilikuwa natabasamu.

Mume wangu hakuwa mtu wa kunisaidia katika hili, na si kwa ubaya. Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika yeye hubeba mashine ya salfa mgongoni na kuzunguka mashamba ya watu kuelekea Naliendele na kwingineko, kuanzia alfajiri. Mashine ile inanguruma sentimita chache kutoka kwenye kisogo chake. Anarudi nyumbani wa manjano, ananuka salfa, na anaongea kwa sauti kama yuko ng'ambo ya uwanja. Redio yetu, akiiwasha yeye, inasikika msikitini. Nilimweleza zaidi ya mara kumi kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, na humo kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na kwamba vya binadamu vikifa havioti tena. Aliniuliza, "Vya nani vinaota?"

"Vya kuku," nikasema. Ni kweli. Kuku akiharibika masikio kwa kelele, vinyweleo vyake huota upya, na baada ya majuma kadhaa anasikia tena.

Alicheka siku nzima. Kila kuku alipopita alimsalimu kwa heshima. Lakini mimi nilianza kuwaonea wivu kuku wangu, wivu wa kweli, nikiwaangalia wanavyochakura karibu na mtoto, na kifaranga mmoja akilia pembeni ya nyumba, mama yake anakimbia.

Wivu huo ulienea. Ukiwa na hofu juu ya kitu kimoja, unakiona kila mahali. Ukutani kwetu wanakaa mijusi, na niliwahi kusoma kwamba kichwa cha mjusi mdogo ukikimulika kwenye tundu la sikio moja, mwanga unatokea upande wa pili, maana hakuna cha kuuzuia katikati. Panzi masikio yake yako ubavuni, nyenje yake yako kwenye miguu ya mbele. Nyoka hana tundu lolote la sikio, lakini hupata habari kwa kuweka taya chini. Popo hupiga kelele siku zote za maisha yake na sisi hatumsikii, kwa sababu sauti yake iko juu mno, na mwangwi wake humwambia ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Mambo haya yalikuwa ya kuwafurahisha wanafunzi siku za Ijumaa kipindi cha mwisho. Sasa nilikuwa nayasema darasani huku nikihesabu: panzi anasikia, mjusi anasikia, nyoka asiye na sikio anasikia.

Siku moja nilipika samaki aina ya changu. Nikampasua kichwa, na mle ndani, kama kawaida, kulikuwa na vijiwe viwili vyeupe, vya sikio. Samaki huzaliwa navyo, hukua navyo, na hivyo ndivyo vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Niliviosha nikaviweka kiganjani. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni. Nilimwita kwa jina lake, polepole, kisha kwa sauti, kisha nikapiga ukelele ambao ulimfanya mama mkwe atoke chumbani mbio akiwa na kanga moja.

"Kuna nini?"

"Nimeungua, mama."

Akaangalia mkono wangu, akaangalia samaki, akarudi ndani. Alianza kutwanga mapema siku ile, hata saa tisa haijafika. Mtoto akageuka. Najua sasa kwamba na yeye alikuwa na hofu, na kwamba alikuwa anatwanga ili atulie, kama mimi nilivyokuwa nasikiliza ili nitulie.

Mtoto alipofikisha mwaka na miezi miwili tulikwenda Kitaya. Kaka yake mama mkwe alikuwa amefariki na ilikuwa siku ya hitima. Tulifika asubuhi, watu wamejaa, wanaume upande wa turubai, sisi upande wa jiko. Mpunga wao ulikuwa mzuri mwaka ule, ule uliobaki, kwa maana sehemu ya bondeni ilikuwa imekanyagwa na tembo waliovuka mto kutoka upande wa Msumbiji. Hilo ndilo lililokuwa mdomoni mwa kila mtu, hata kuliko marehemu.

Kulikuwa na askari wa wanyamapori wa kijiji, kijana mrefu ambaye alikuja jikoni kuomba maji akageuzwa kuwa mhubiri. Wanawake walimzonga. Mbona hawafukuzi? Mbona wanakuja na debe na filimbi tembo wakishaondoka?

"Mama zangu, mnyama yule anatujua kabla hatujatoka nyumbani," alisema. "Mnaona lile sikio kubwa? Mnadhani anasikilizia hilo tu? Anasikilizia nyayo. Tembo mwenzake akinguruma huko ng'ambo, sauti nyingine ni nzito, sisi hatuipati, inapita ardhini. Huyu wa huku anasimama kimya, anaegemea miguu ya mbele, anaipokea. Mimi nimewaona. Kundi zima linasimama kama limeambiwa simama."

"Kwa hiyo na sisi tukitwanga hapa wanajua?" aliuliza mwanamke mmoja aliyeshika mchi.

"Wao wanajua mpaka unatwanga nini," alisema, na jiko zima likacheka.

Mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa nalijua hilo. Nimelifundisha. Mtetemo unapita ardhini, unaingia kwenye nyayo laini, unapanda mifupani mpaka sikioni. Wanawake watatu wakarudi kwenye kinu, wakaanza kutwanga mpunga kwa zamu, mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka. Mtoto wangu alikuwa kwenye mkeka juu ya ardhi tupu, kawapa mgongo. Aligeuka.

Nikauona mkono wake. Kiganja cha kulia kilikuwa kimelala chini, nje ya mkeka, vidole vimetanuliwa. Nilikuwa nimeuona mkono huo ukilala hivyo mamia ya mara, barazani kwetu, na nilidhani ni mtoto anayejishikilia asianguke. Hakuwa anajishikilia.

Nikainuka. Nikamchukua, nikamweka begani, nikamgeuza awape mgongo tena. Michi ilikuwa inashuka palepale, hatua chache nyuma yake, kwa kishindo cha kuziba masikio. Alikuwa anachezea hereni yangu. Nikangoja. Akavuta hereni, akaitazama, akaitia mdomoni. Nikamweka chini. Kiganja kikashuka, kichwa kikageuka. Nikamnyanyua. Hereni. Nikamweka chini, akageuka. Wanawake walianza kuniangalia, mmoja akauliza kama mtoto kaumwa na siafu.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele upande wa pili wa jiko. Alikuwa ameacha kupepeta. Macho yetu yalipokutana sikuhitaji kumweleza kitu, maana yeye hakufundishwa baiolojia lakini ardhi na kinu anavijua kuliko mimi. Akauweka ungo chini, akaja, akamnyanyua mtoto pale chini. Akasimama karibu kabisa na kinu, mtoto kampa mgongo, mchi unashuka. Akamwangalia usoni. Akarudi kukaa kwenye kigoda chake naye kampakata, na hakumweka chini tena mpaka tulipoondoka.

Yaliyofuata yalikuwa ya kungoja. Karatasi ya rufaa, kisha tarehe, kisha basi la Dar es Salaam. Nilikuwa nikijihesabia miezi iliyopotea tangu siku ya mvua, miezi ambayo mtoto mwenye masikio ya kawaida huwa anakusanya maneno, kwa sababu mtoto huanza kusikia hata kabla hajazaliwa, sauti ya mama yake humfikia tumboni, na akizaliwa anaijua. Wangu nilikuwa nimemsomea, nimemwimbia, nimemsimulia tumboni miezi yote ile. Nilikuwa nakaa kwenye mabenchi ya hospitali nikijiuliza nilikuwa naongea na nani.

Walimpima akiwa usingizini. Walimbandika nyaya kichwani na kumtilia sauti masikioni, na mashine ikawa inaangalia kama ubongo wake unajibu. Mimi na mume wangu tuliambiwa tukae kimya kabisa. Tulikaa. Kioo cha mashine kilikuwa na mistari na mimi nilikuwa naiangalia kama ninayeijua, nikiiomba ipande. Mpimaji, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alipomaliza alituambia bila kuzungukazunguka. Masikio yote mawili. Tangu kuzaliwa, inavyoelekea. Vile vifaa vya kuvaa sikioni vinaweza kumsaidia kidogo, lakini tusingoje vimfanyie kazi yote. Tuanze kujifunza lugha ya alama, sote nyumbani, na tuanze sasa.

"Lakini anasikia kinu," alisema mume wangu kwa sauti yake ile ya mashambani, na mtoto hakuamka.

Yule mama hakucheka. Aliuliza kinu kiko wapi, mtoto hukaa wapi, sakafu ni ya nini. Halafu akasema, "Watoto hawa wana akili sana. Wanatumia kila kitu walichonacho." Nilitaka kumchukia na sikuweza.

Tulikuwa kwenye basi la kurudi, tumeshapita Lindi. Siku mtoto alipozaliwa mume wangu alimwadhinia yeye mwenyewe sikio la kulia, akamsomea ikama la kushoto. Sasa aliniuliza, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua bado anayo, "Ile adhana haikumfika?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Nikamwambia pumzi yake ilimfika shavuni, nililiona shavu likicheza. Akageukia dirishani. Alitia pamba masikioni msimu uliofuata, kila siku, na sikumkumbusha hata mara moja.

Nilidhani nyumbani tutapata lawama au kilio. Mama mkwe alisikiliza maneno ya hospitali mpaka mwisho, akasema "Alhamdulillahi", akaenda kuoga. Kesho yake hakutwanga. Kesho kutwa aliyafunga makopa kwenye kitambaa akamwomba jirani ayapeleke mashineni. Tulikula ugali wa unga wa mashine naye akaula. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani na kinu kimefunikwa kwa sinia.

Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikamwambia, "Mama, mbona hutwangi?"

"Nitwange nini? Kitu kilichoniongopea."

"Hakijakuongopea."

"Kimeniongopea mimi, na mimi nikakuongopea wewe. Wewe ulijua. Ulikuja ukaniambia, nikakucheka." Alikuwa anasema huku anakunja nguo, anakunja na kukunjua ile ile. "Nimempotezea mtoto siku zake."

Hapo nikamwambia kuhusu muuguzi wa kliniki. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilimwambia kwamba niliulizwa swali, mimi mwalimu, ninayechora sikio ubaoni kila mwaka, na nikajibu nilichotaka kiwe kweli. Aliacha kukunja, akanitazama. Akanipa upande mmoja wa shuka nimsaidie kukunja.

Mtoto ndiye aliyekitafuta kinu. Alikuwa ameanza kutembea, kwa kuyumba, na alasiri moja ule muda wa kutwanga ulipofika alitoka barazani akaenda moja kwa moja mpaka pale. Alikigusa ubavuni. Akalaza kiganja kwenye kinu akangoja. Akachuchumaa, akalaza kiganja chini, akangoja. Halafu akainua uso akamwangalia bibi yake aliyekuwa mlangoni, akapiga kinu kwa mkono, pa, na kuweka tena kiganja chini. Kwetu sisi alikuwa mtoto asiyesikia. Kwake yeye, nadhani, nyumba ndiyo ilikuwa imenyamaza.

Mama mkwe alishuka ngazi. Akaondoa sinia. Kinuni hamkuwa na kitu. Nilimwona akisita, mchi mkononi, na nilijua anachofikiria. Kisha akaunyanyua akaushusha ndani ya kinu kitupu, mara moja, kwa nguvu. Mtoto akacheka kwa sauti, kicheko kikubwa kisicho na mpangilio, kinachotoka kwa mtu ambaye hajawahi kujisikia akicheka.

"Huyo ni mimi," mama mkwe alimwambia, akijipiga kifuani. "Moja ni bibi." Akapiga tena moja, akajionyesha tena. Alirudia mara nyingi sana, jasho likimtoka, mpaka ilikuwa wazi kwamba mtoto kaelewa, kwa sababu alipopelekwa barazani akageuzwa uso ukutani, pigo moja lilimfanya aje kwa bibi yake mbio za kuyumba.

Halafu akaninyooshea mchi. "Na wewe njoo. Wewe piga mbili."

Nilisema sijui kutwanga, na ilikuwa kweli. Akasema hakuna anayetwanga hapa. Mtoto alirudishwa barazani, akakalishwa sakafuni, akapewa kifuniko cha sufuria achezee. Nikashika mchi kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na laini pale mama mkwe anaposhikia. Nikapiga mara mbili.

Kifuniko kikaanguka. Akageuka. Aliangalia kwanza mikono ya bibi yake na haikuwa na kitu. Akaniangalia mimi, akaangalia mchi, akaniangalia tena usoni kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemwita kwa jina lake tangu siku ya kwanza, ndani, nje, getini, kwa upole na kwa kelele. Akasimama, akashika ukuta, akauachia, akashuka ngazi kwa makalio, akavuka ua mzima akaja kwangu.